Fosfaiti ya potasiamu: dawa nzuri, mbolea mbovu, na jeni inayoweza kugeuza hesabu

Kwa wenye haraka: ile chupa ya "fosforasi ya maji" inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kama busta ya mizizi na maua, ikiwa ndani yake ni fosfaiti, inunue kama dawa ya kuzuia magonjwa ya jamii ya Phytophthora (vimelea wanaofanana na ukungu, waletao baka jani chelewa na kuoza kwa mizizi), usiinunue kama mbolea. Kama dawa tunaipa alama nne kati ya tano. Kama mbolea ya mahindi, nyanya au parachichi tulizonazo shambani leo tunaipa moja, na hiyo moja ni heshima kwa potasiamu iliyomo. Mimea iliyothibitika kuweza kuila ni ile iliyowekewa jeni ya bakteria iitwayo ptxD, na mbegu za aina hiyo haziuzwi Kenya, Tanzania wala Uganda.

Mwenye muda asome sababu, kwa kuwa fosfaiti imewapotezea watu pesa nyingi bila kuwa bidhaa feki. Ni bidhaa halisi, inafanya kazi halisi, ila mara nyingi si ile kazi iliyompeleka mkulima dukani.

Kilichomo ndani ya chupa

Mbolea za fosforasi tulizozoea, yaani DAP, TSP, NPK na hata unga wa mwamba wa Minjingu, zina fosfeti: atomu moja ya fosforasi iliyozungukwa na oksijeni nne. Fosfaiti ina oksijeni tatu, na nafasi ya nne imekaliwa na hidrojeni. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba vipitishio vya fosfeti vilivyo kwenye mizizi na majani haviioni. Fosfaiti inapokelewa, inaingia, inapanda na maji hadi kwenye majani na kushuka na sukari hadi kwenye mizizi. Kufikia hapo mambo yanakwama. Mmea hauna kimeng'enya cha kuiongezea ile oksijeni iliyopungua, kwa hiyo hauwezi kuitumia kujenga vinasaba, utando wa seli wala ATP inayobeba nguvu. Inabaki ikizunguka tu mwilini.

Ingekuwa inazunguka bila kudhuru, tungesema ni hasara ya pesa basi. Tatizo ni kwamba mmea wenye njaa ya fosforasi una namna yake ya kujitetea: hurefusha vinyweleo vya mizizi, hutoa tindikali na vimeng'enya vya kuchokonoa fosfeti iliyoshikwa na udongo, na huongeza idadi ya vipitishio. Fosfaiti ikiingia, mfumo unaopima kiwango cha fosfeti ndani ya seli unadanganyika kwamba chakula kipo, na juhudi zote hizo zinazimwa. Ni sawa na kumjaza maji mtoto mwenye njaa: tumbo limetuna, kilio kimekoma, na mwili unaendelea kukonda. Ndiyo maana mmea uliodumaa kwa kukosa fosforasi, ukipuliziwa fosfaiti, unaweza kuishia pabaya kuliko ule ulioachwa bila kitu. Mwenye fosfeti ya kutosha kwenye udongo hataona madhara hayo, na hapo ndipo kunakozaliwa ushuhuda wa jirani kwamba "mimi ilinifaa". Shamba lake lilikuwa limeshiba tayari, na pengine dawa ilimwondolea ugonjwa wa mizizi ambao hakuujua.

Hesabu ya chupa dhidi ya mfuko

Chukua lebo ya kawaida, 0-30-20 (asilimia za naitrojeni, fosforasi iliyoandikwa kama P2O5, na potasiamu), na lita moja yenye uzito wa takriban kilo 1.4. Asilimia 30 ya P2O5 ni gramu 420. Zidisha kwa 0.436 upate fosforasi yenyewe: gramu 183 hivi kwa lita. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una asilimia 46 ya P2O5, yaani kilo 23, ambazo ni kilo 10 za fosforasi. Kwa hiyo ili chupa zifikie mfuko mmoja unahitaji lita 55. Gawanya bei ya kila kimoja kwa gramu zake za fosforasi, utajua papo hapo unauziwa nini.

Sasa tuangalie kipimo cha shambani. Mililita 50 kwa bomba la lita 20, mabomba 10 kwa ekari: umetumia nusu lita, na umepeleka gramu 92 za fosforasi. Mahindi yakitoa magunia 20 ya kilo 90 kwa ekari, punje peke yake zinaondoka na fosforasi ya kilo tano na ushei, kwa makadirio ya kilo tatu kwa kila tani. Gramu 92 hazifiki hata asilimia mbili ya hiyo. Hesabu hii, kusema haki, inaibana pia fosfeti halisi ya kupulizia kama MKP (monopotasiamu fosfeti). Fosforasi ya majani ni ya kuziba pengo dogo kwa muda mfupi, haijawahi kuwa mbadala wa mbolea ya kupandia. MKP walau ile kidogo inayoingia inaliwa.

Namba ya P2O5 kwenye chupa za fosfaiti ndiyo inayochanganya watu kuliko kitu kingine. Kimaabara ni njia tu ya kuandika kiasi cha fosforasi, iwe ya aina yoyote, na haisemi kama mmea unaweza kuitumia. Mtu akiona 30 anafikiria TSP.

Kujua umeshika nini

Anza na lebo. Maneno ya kutafuta, kwa Kiingereza yalivyochapishwa, ni phosphite, phosphonate, phosphorous acid, phosphonic acid au fosetyl. Ukiona phosphate au orthophosphate, hiyo ni fosfeti. Angalia kwa makini phosphorous na phosphoric: ya kwanza ni asidi ya fosfaiti, ya pili ni ya fosfeti, na wauzaji wengine hawajui kama kuna tofauti. Lebo ikisifia "kinga ya mmea" na "afya ya mizizi" kuliko mavuno, kisia fosfaiti.

Angalia pia namba ya usajili. Tanzania, mbolea husajiliwa na TFRA na viuatilifu husajiliwa na TPHPA; Kenya viuatilifu viko chini ya PCPB. Chupa iliyosajiliwa kama kiuatilifu inakuja na kipimo, jina la ugonjwa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Iliyosajiliwa kama mbolea haina lazima ya kukupa hayo, na hapo ndipo mkulima anabaki kubahatisha.

Lebo ikiwa kimya, kuna kipimo rahisi. Vifaa vya kupima fosfeti ya maji, kama wanavyotumia wafugaji wa samaki wa mapambo, hufanya kazi kwa molibdeti inayogeuka bluu ikikutana na fosfeti. Fosfaiti haiigeuzi. Weka mililita 1 ya bidhaa kwenye lita 1 ya maji safi ya chupa, changanya, kisha chota mililita 10 za mchanganyiko huo uweke kwenye lita nyingine ya maji. Kama fosforasi yote ingekuwa fosfeti, chupa ya 0-30-20 ingesoma karibu miligramu 5.6 kwa lita, bluu ya kukolea. Rangi ikibaki hafifu au isipotokea kabisa, ni fosfaiti. Bluu kidogo isikutie shaka, kwa kuwa fosfaiti nyingi za viwandani huwa na fosfeti kidogo ndani yake. Pima na maji matupu pia, maana maji ya kisima yanaweza kuwa na fosfeti yake, na usioshe vyombo kwa sabuni ya unga kabla ya kupima.

Mwenye rafiki mwalimu wa kemia anaweza kutumia naitreti ya fedha. Kwenye fosfeti inatoa mashapo ya njano. Kwenye fosfaiti mashapo huanza meupe, kisha huwa meusi, kwa sababu fosfaiti inaigeuza ile fedha kuwa metali. Vaa glavu, doa lake kwenye ngozi linakaa siku kadhaa.

Inapofanya kazi vizuri

Hapa sifa zinastahili. Fosetyl-aluminiamu, kaka mkubwa wa bidhaa hizi, iliingia sokoni mwaka 1977 kutoka Rhône-Poulenc ya Ufaransa, na ndani ya mmea huvunjika kuwa fosfaiti hiyo hiyo. Adui wake ni Phytophthora na ndugu zake: baka jani chelewa la viazi na nyanya, kuoza kwa mizizi ya parachichi, ukungu unaoota upande wa chini wa majani ya zabibu na matango. Inamdumaza kimelea moja kwa moja na pia inaamsha ulinzi wa mmea wenyewe. Kitu kinachoitofautisha na dawa nyingi za ukungu ni kule kushuka hadi mizizini ikitokea kwenye majani. Dawa nyingi zinazoingia ndani ya mmea hupanda tu na haziteremki.

Haiponyi. Baka likishashika nusu ya shamba, fosfaiti haitarudisha majani. Inatakiwa itangulie, kila siku 7 hadi 14 wakati wa mvua, na kwa kawaida ikishirikiana na dawa ya kugusa kama mankozebu. Kwa mnyauko wa bakteria na mnyauko wa Fusarium usitegemee chochote, na kwa baka jani tangulia, ambalo si la jamii ya Phytophthora, msaada wake ni mdogo.

Kwenye parachichi njia iliyojengewa sifa Australia na Afrika Kusini ni kudunga shina. Kipimo cha Australia ni mililita 15 za myeyusho wa asilimia 20 kwa kila mita ya upana wa kivuli cha mti. Mti wenye kivuli cha mita 4 unapata mililita 60, yaani sindano tatu za mililita 20 zilizogawanywa sawa kuzunguka shina. Chupa yetu ya 0-30-20 ina takriban gramu 484 za asidi ya fosfaiti kwa lita, kwa hiyo mililita 413 zikiongezewa maji hadi lita 1 zinakupa hiyo asilimia 20. Toboa kina cha sentimita 3 hadi 4 kwa kuinamisha kidogo kuelekea chini, dunga asubuhi, udongo ukiwa na unyevu.

Wengi hukosea wakati. Ukidunga majani machanga yakiwa yanachipua, dawa inafuata maji hadi kwenye machipukizi na kuyaunguza ncha, huku mizizi ikiambulia kidogo. Subiri majani mapya yakomae na kuwa magumu; kuanzia hapo sukari, na fosfaiti pamoja nayo, inateremka mizizini. Mti uliobaki na majani machache ya njano hauvuti, na sindano itabaki imejaa mchana kutwa. Huo unapogolewa kwanza, au unang'olewa.

Makosa ya kwenye bomba ni machache lakini yanauma. Asidi ya fosfaiti isiyopunguzwa ukali ina pH ya 1 au 2 na inachoma majani. Bidhaa nzuri imeshakutanishwa na potasi kali hadi pH ya kati ya 6 na 7.5. Chovya karatasi ya pH kwenye bomba, ikisoma chini ya 5.5 usipulizie. Usichanganye na dawa za shaba, wala usipulizie juu ya majani yenye shaba ya juzi: ukali kidogo tu unaiyeyusha shaba kupita kiasi na matunda yanapata madoa. Usiichanganye na kalsiamu naitreti iliyokolea, inaganda na kuziba noseli.

Jeni ya ptxD, upande wa pili wa bidhaa hii

Bakteria Pseudomonas stutzeri wa aina ya WM88 anaishi kwa fosfaiti bila shida. William Metcalf na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba ana kimeng'enya kinachoitwa PTXD, ambacho huchukua fosfaiti, maji na NAD (kibeba elektroni cha seli), kikatoa fosfeti na NADH. Hatua moja, jeni moja. Mwaka 2012 Damar López-Arredondo na Luis Herrera-Estrella, wakiwa kwenye taasisi ya utafiti ya CINVESTAV huko Irapuato, Meksiko, walichapisha matokeo ya tumbaku na Arabidopsis (mmea mdogo wa majaribio ya maabara) zilizowekewa jeni hiyo. Kwa kuwa mlango wa kuingilia upo tayari, hapakuwa na haja ya kuongeza kipitishio kipya; jiko ndilo lililokosekana.

Matokeo yao ndiyo yaliyofanya watu wakae sawa. Mimea hiyo ilihitaji fosforasi pungufu kwa asilimia 30 hadi 50 ili kutoa mazao sawa na ile iliyolishwa fosfeti. Ilipopandwa pamoja na magugu na kulishwa fosfaiti, ilijenga mwili mara 2 hadi 10 zaidi ya ilipolishwa fosfeti, kwa sababu magugu hayakuwa na la kula. Mwaka 2018 kundi la Keerti Rathore la Texas A&M, likishirikiana na Herrera-Estrella, lilionyesha jambo hilo kwenye pamba, dhidi ya mchicha pori wa Marekani ambao kiua magugu cha glaifosati hakiuui tena. Mbolea moja, kazi mbili. Mpunga nao umeshafanyiwa.

Kuna manufaa mengine ambayo watu wa maabara wanayapenda zaidi ya shamba. Jeni ya ptxD inaweza kuchagua seli zilizopokea jeni bila kutumia jeni ya ukinzani wa antibiotiki, jambo linalopigiwa kelele kila mjadala wa GMO unapoanza. Unaotesha kwenye chakula chenye fosfaiti tu: iliyopokea inaishi, isiyopokea inakufa njaa. Kwa maandishi ni rahisi. Kwa vitendo seli huwa na akiba ya fosfeti, na zile zisizo na jeni zinaendelea kukua kwa majuma kabla hazijakwama, hivyo anayechagua mapema anajaza rafu kwa mimea ya bure. Agari ya kawaida, ile ya kugandishia chakula cha seli, ina fosfeti ya kutosha kuharibu jaribio. Tumia agarosi au agari iliyosafishwa. Vyombo vya kioo visuuzwe kwa asidi hafifu, kwa kuwa sabuni huacha fosfeti. Na fosfaiti yenyewe inunuliwe ya daraja la maabara, kisha ipimwe kwa molibdeti kabla ya kuiamini.

Tukiupima mfumo huu kama bidhaa ya mkulima wa huku, tunaupa tatu kati ya tano, tena kwa ukarimu.

Kwanza, udongo hauko kimya. Bakteria wa udongo wanaigeuza fosfaiti kuwa fosfeti pole pole, kwa majuma hadi miezi. Jambo hilo si geni: majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1950 yalikuta fosfaiti inadhuru zao la kwanza na kulifaa la pili. Magugu ya mwanzo yananyimwa, ya baadaye yanakuta meza imeandaliwa. Pili, mbinu ya kunyima magugu inadai udongo uliofilisika fosfeti. Bustani iliyomwagiwa DAP na samadi miaka kumi ina akiba ya kulisha kila gugu. Tatu, bei. Asidi ya fosfaiti hutengenezwa kwa kuvunja trikloraidi ya fosforasi kwa maji, njia yenye gharama kuliko kumwagia mwamba asidi ya salfa. Punguzo la asilimia 30 hadi 50 la kiasi halitoshi kama gramu moja inauzwa mara kadhaa ya bei ya gramu ya fosfeti.

Nne, na hili halitajwi sana na wanaotoka nchi za shamba la zao moja: huku mahindi yanalala na maharage. Weka fosfaiti kwenye shina la mahindi yenye ptxD, na maharage yaliyo kati ya mistari yanahesabiwa kuwa magugu. Yatadumaa kwa fosfaiti ile ile inayowashibisha jirani zao. Mnavu na mchicha wa kujiotea ambao mama anachuma kwa mboga nao wataondoka. Ungelazimika kuweka jeni hiyo kwenye kila zao la mchanganyiko, au kurudi kwenye kilimo cha zao moja. Hakuna kati ya hayo kinachofanana na bei ya mfuko mmoja wa TSP.

Faida ya kweli kwa udongo mwekundu wa nyanda za juu, ule wenye chuma na aluminiamu nyingi, ni kwamba fosfaiti huyeyuka na kutembea zaidi ya fosfeti, ambayo hushikwa karibu na pale ilipodondoka. Kutembea huko huko, mvua ikiwa kubwa, ni kupotea.

Jeni zinazoshindana nayo

Kwa udongo wa aina hiyo kuna njia mbili ambazo kwa maoni yetu ziko karibu zaidi na shida ya mkulima, kwa kuwa hazimdai anunue mbolea mpya. PSTOL1, iliyoripotiwa mwaka 2012 na watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, na washirika wao, inatoka kwenye mpunga wa kienyeji wa India uitwao Kasalath, kwenye eneo la Pup1 katika kromosomu ya 12. Inaongeza mizizi mapema, mmea ukachota fosfeti kutoka udongo mpana zaidi. Kwa kuwa imo tayari kwenye mpunga, inaweza kuhamishwa kwa kuzalisha mbegu kwa vipimo vya vinasaba, bila uhandisi jeni. Ubaya wake ni kwamba inachota tu, haileti. Ukivuna miaka mingi bila kurudisha, unamaliza akiba.

Nyingine ni SbMATE ya mtama, iliyotambuliwa mwaka 2007 na watafiti wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, na Chuo Kikuu cha Cornell. Inafanya ncha ya mzizi imwage sitreti inayofunga aluminiamu kabla haijauunguza mzizi. Pale pH ilipo chini ya 5 na mizizi ya mahindi imevimba ncha na kuwa mifupi kama vidole, shida ya kwanza ni aluminiamu, na fosforasi yoyote utakayoweka itakosa mzizi wa kuifuata. Hata bila jeni hiyo, chokaa inafanya sehemu kubwa ya kazi.

Jaribio la vikopo vinne

Muuzaji akikuapia kwamba fosfaiti yake ni chakula, mwambie akae na wewe wiki tano. Osha mchanga wa mto hadi maji yatoke meupe, jaza vikopo vinne vya lita 2 vilivyotobolewa chini. Panda nyanya, si mahindi: punje ya mahindi ina akiba ya fosforasi ya kumlisha mche majuma mawili matatu, na utadhani kila kitu ni sawa. Mbegu ya nyanya haina akiba hiyo.

Chakula cha wote ni kalsiamu naitreti gramu 1 kwa lita, potasiamu naitreti gramu 0.5, magnesiamu salfeti gramu 0.5, na kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini madogo madogo, vyote viyeyushwe kimoja kimoja. Kopo la kwanza liongezewe MKP gramu 0.1 kwa lita, ambayo ni miligramu 23 hivi za fosforasi. La pili liongezewe fosfaiti yenye fosforasi sawa, mililita 1.2 kwa lita 10, pimwa kwa bomba la sindano. La tatu nusu kwa nusu. La nne lisipewe fosforasi. Mwagilia kila siku hadi maji yachuruzike chini.

Kufikia juma la nne, kopo la kwanza litakuwa limesimama, na la tatu litakuwa halijaachwa mbali. La nne litakuwa fupi, kijani cha kukolea, na zambarau upande wa chini wa majani. Ling'oe uone mizizi mirefu yenye vinyweleo vingi vikitafuta. La pili ndilo la kulitazama kwa makini: majani ya njano yenye ncha zilizokauka, na mizizi mifupi iliyoacha kutafuta. Likifanana na la nne au likiwa baya zaidi, umepata jibu. Usipitishe juma la sita, kwa kuwa bakteria wa mchanga wataanza kuigeuza fosfaiti na jaribio litachafuka.

Fosforasi ya kuweka ardhini badala yake

Ni ya zamani na haina mvuto. Pima pH na fosforasi ya udongo. Chini ya 5.5, weka chokaa kwa kipimo cha maabara mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. TSP au DAP iwekwe kando na chini ya mbegu, sentimita tano kila upande, badala ya kurushwa juu, ili udongo usiimeze yote. Minjingu, yenye takriban asilimia 30 ya P2O5, inafaa kwenye udongo wa tindikali ambao unaiyeyusha pole pole. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi inabaki kuwa mawe. Usiiweke msimu mmoja na chokaa kwenye shimo moja, kwa kuwa chokaa inaondoa tindikali inayoiyeyusha.

Kabla hujafungua chupa, kwa wanaouza nje

Parachichi za Murang'a, Njombe na Rungwe zinazoenda Ulaya zinapimwa mabaki. Umoja wa Ulaya unaihesabu fosfaiti, iwe imetoka kwenye fosetyl au kwenye "mbolea ya majani", kama mabaki ya kiuatilifu, na kanuni yake ya mbolea ya mwaka 2019 inakataza kuiongeza kwa makusudi kwenye mbolea. Iliyoingia kwa bahati mbaya isizidi asilimia 0.5 ya uzito. Kwenye kilimo hai hairuhusiwi. Na kwa sababu mti hauna kimeng'enya cha kuivunja, fosfaiti ya msimu huu inaweza kukutwa kwenye tunda la msimu ujao. Kwa hiyo andika tarehe, jina la bidhaa na kiasi kwa kila safu ya miti, hata kama lebo inasema ni mbolea tu, na muulize mnunuzi wako kikomo cha mabaki cha soko lake kabla ya sindano ya kwanza.